NYASI ZA PASTA

Leo sina mahubiri marefu. Nina ushuhuda, na sehemu yake inaniaibisha.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikilipa watu waje kukata nyasi za boma letu hapa Nyeri. Walikuja na mashine mara mbili kwa mwezi, shilingi 1,500 kila mara. Januari, karo ilipobisha hodi, nilikaa na mama watoto tukapiga hesabu: 36,000 kwa mwaka. Nikasema, mimi ni mtoto wa mkulima, slasha naijua. Nikanunua slasha na tupa ya kuinolea, nikawaambia wale vijana asanteni, Mungu awabariki.

Mnajua nyasi zetu. Nyasi ya Kikuyu ni ya nyanda hizi za juu. Wazungu waliibeba hadi Australia na Afrika Kusini wakailishia ng'ombe, na huko imebaki na jina la kwetu. Mvua ya Aprili ikianza, ukilala ikiwa kwenye kifundo cha mguu, baada ya siku chache inakutafuta magoti.

Siku ya kwanza nilikata kwa hasira. Nilitaka nikate mara moja nipumzike mwezi mzima, kwa hiyo nilishuka hadi udongoni. Mikono ilitoka malengelenge, na baada ya wiki moja boma lilikuwa la manjano. Jirani yetu, cucu mmoja wa umri mkubwa, aliegemea ua la kayaba akacheka: "Pasta, umezinyoa kama kichwa cha mtoto wa nasari. Nyasi hula kwa majani. Ukiyamaliza yote, itakula na nini?"

Akanifundisha. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Ngoja umande ukauke. Noa slasha, kwa sababu makali yakiisha nyasi huraruka badala ya kukatika, na ncha zinageuka kahawia. Kata kidogo, kata mara kwa mara. Wapendwa, nilisoma chuo cha Biblia, lakini siku hiyo mwalimu wangu alikuwa amevaa gambuti.

Kisha nikapiga magoti nisafishe kando ya sukuma wiki za mama watoto. Hapo ndipo niliposhtuka. Nyasi hii hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Ilikuwa imepita chini kwa chini, imeshika mizizi ya sukuma, imeingia hadi kwenye ufa wa msingi wa nyumba. Na ukiikata ukaacha kipande chenye kifundo ardhini, kinachipuka tena. Miaka mitatu boma lilipendeza, wageni walisifu. Siwalaumu wale vijana, walilipwa kukata juu na juu walikata vizuri. Mwenye boma ndiye hakuwahi kupiga magoti.

Mvulana wetu, ana miaka kumi na mitano, alikuwa amekaa verandani na simu. Sijui nini kilimgusa, alikuja akachuchumaa kando yangu akaanza kung'oa. Tulifanya kazi kama nusu saa bila maneno. Halafu akasema, "Baba, nikiwa kanisani mimi huamini. Nikitoka, huwa siamini."

Ameniruhusu niandike hili.

Mimi hupigiwa simu saa nane za usiku niombee watoto wa watu, na ninaamka. Wangu nilikuwa nimewaachia mama yao, walimu wa Sunday school na kambi za vijana za Agosti. Niliona mtoto anapiga kinanda kwenye ibada nikasema boma ni kijani. Siku hiyo sikumhubiria. Nilimuuliza, "Tangu lini?" akaniambia, nasi tukaendelea kung'oa. Sasa kila Jumamosi, umande ukikauka, tuko pale wawili. Maswali yake hayajaisha, na mengine sina jibu lake. Lakini sasa ananiuliza mimi.

Soma Mithali 24:30-34. Mwenye hekima alipita kando ya shamba la mvivu, akaona magugu na ukuta ulioanguka, akatafakari akapata funzo. Mimi sikuhitaji kwenda kwa shamba la mtu mwingine.

Sijamaliza. Juzi nilikutana stejini na mmoja wa wale vijana. Akaniuliza kwa heshima, "Pasta, siku hizi hutuhitaji?" Nilikuwa nimehesabu 36,000 zangu vizuri sana, lakini sikuwa nimehesabu unga wake. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inasema kuhusu kibarua ambaye moyo wake unautegemea ujira wa siku. Kwa hiyo ua la kayaba, lile lenye miiba mirefu ambalo kwa kweli linanishinda, sasa ni lake. Anakuja mara moja kwa mwezi, na analipwa kabla jua halijatua.

Basi usiende kumfukuza mfanyakazi wako ukisema Pasta amesema. Kuna kazi unaweza kumlipa mtu, na ni baraka kumlipa. Lakini kuna kazi za magoti. Kumwombea mtoto wako, kumsikiliza, kumuuliza mkeo amelalaje: hiyo usimkodishe mtu, hata mchungaji wako.

Wiki hii, kabla ya kunitumia ombi, keti kwanza na huyo mtu unayetaka nimwombee. Kisha nitumie, tutaomba pamoja.

Baba, tusamehe kwa maboma yanayopendeza juu tu. Tupe magoti, na utupe uvumilivu wa kukata kidogo, mara kwa mara. Katika jina la Yesu, amina.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili, na mkiona malengelenge mikononi mwangu, sasa mnajua.