Siku ya Kuzaliwa Ugenini

Hakuna mtu anayeikumbuka siku aliyozaliwa. Aliambiwa na wengine: mama, bibi, mkunga, jirani aliyesimama mlangoni. Mtu akikaa kwao, mashahidi hao wapo karibu naye. Akienda ugenini huwaacha nyuma, na siku yake ikifika hakuna aliye karibu anayeweza kusema, “Nilikuwako.” Jambo hilo lilitupata sisi huku Kasongo, nasi twapenda kuwasimulia yaliyotokea, kwa sababu yalitufunza kitu kikubwa kuliko karamu.

Sisi ni walimu watatu, wenyeji wa Kigoma na Ujiji katika Tanzania, nasi twafundisha Kiingereza katika shule za sekondari. Tulivuka Ziwa Tanganyika, tukashika njia ya Kabambare hata kufika Kasongo, mji wa kusini ya Maniema, karibu na mto Lualaba. Njia hiyo si ngeni kwa watu wa kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Ujiji iliifuata. Kiswahili kilifika huku kwa njia hiyo, na mpunga pia; na kwa njia hiyo hiyo watu walichukuliwa utumwani wamefungwa minyororo.

Katika habari za siku zile mnaonekana watu wa namna tatu. Wa kwanza ni David Livingstone, Mskoti, aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1813. Alivuka ziwa mwaka 1869, akafika sehemu za Kabambare, akakaa Maniema mpaka 1871. Siku zake za kuzaliwa za 1870 na 1871 zilimkuta huku, mbali sana na watoto wake. Mwaka 1872, akiwa Unyanyembe karibu na Tabora, aliiandika siku hiyo katika daftari lake pamoja na sala ya kujitoa tena kwa Mungu.

Wa pili ni Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, tajiri aliyeshika biashara ya Kasongo. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, naye anaanza habari pale alipokuwa na umri wa miaka 12, alipotoka safari. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani, na wataalamu hawapatani hata juu ya mwaka wenyewe.

Wa tatu ni watu wa soko la Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliwaona watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Siku ya kufa kwao imeandikwa. Siku zao za kuzaliwa hazikuandikwa, wala majina yao. Lakini walizaliwa, na mama zao waliijua siku. Ila mashahidi wengine walikufa pamoja nao, na wengine walitawanyika.

Basi mwezi wa Machi mmoja wetu alitimiza miaka 30. Tulitaka kuipitisha siku kimya kimya, lakini wanafunzi walipata habari. Mwalimu mwenzetu wa hapa akaleta jogoo, wengine wakaleta samaki wa Lualaba, na sombe ikaungwa kwa mawese na karanga. Wali ulikuwa wa Kasongo, na wali wa Kasongo haukosi wa kuusifu.

Mwenzetu mmoja, mkatekista, alituuliza kama karamu hiyo yafaa kwa Mkristo, kwa maana wazee wake walisherehekea sikukuu ya mtakatifu somo wao tu. Swali lake lilikuwa na maana. Katika Maandiko Matakatifu zipo karamu mbili mashuhuri za siku ya kuzaliwa. Katika ile ya Farao, mkuu wa waoka mikate alitundikwa. Katika ile ya Herode, Yohane Mbatizaji alikatwa kichwa. Zote mbili ziliishia katika kifo, kwa sababu mwenye siku alijitukuza nafsi yake.

Kanisa nalo huadhimisha kuzaliwa kwa watatu tu: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na Bikira Maria tarehe 8 Septemba. Watakatifu wengine twawakumbuka kwa kawaida siku waliyokufa, ndiyo siku waliyozaliwa mbinguni. Mwenye Heri Anuarite twamkumbuka tarehe 1 Desemba, siku aliyouawa mwaka 1964. Naye Mwenye Heri Isidori Bakanja, Mkongo aliyekufa mwaka 1909 kwa mapigo aliyopigwa kwa ajili ya skapulari yake, siku yake ya kuzaliwa hatuijui. Siku ya ubatizo wake twaijua, tarehe 6 Mei 1906, kwa sababu iliandikwa.

Tulikuwa bado twazungumza hayo, alipoingia mama mwenye nyumba tunayopanga, mzee anayeijua Kasongo tangu kabla ya uhuru wa 1960. Akauliza:

“Wanangu, leo mnamsifu nani?”

“Mwenzetu huyu, mama. Ametimiza miaka thelathini.”

“Siku ile yeye alifanya kazi gani?”

Tukacheka. “Alilia tu, mama.”

“Basi mama yake ndiye aliyefanya kazi. Yeye amepata nini leo?”

Hatukuwa na jibu. Mwenzetu akatoka nje na simu yake, akaenda mpaka chini ya mwembe ambapo sauti hupatikana, akampigia mama yake Ujiji. Akarudi baada ya muda mrefu, akatueleza mambo ambayo mwenyewe hakupata kuyasikia kwa miaka yote 30. Usiku ule mvua ilinyesha hata mashua za dagaa hazikutoka. Baba yake hakuwepo. Jirani alikimbia katika matope kumwita mkunga, na mkunga huyo alikuwa mwanamke wa Kimanyema, mmoja wa wale wengi wa Ujiji ambao babu zao walitoka pande hizi za Kasongo. Hakutaka malipo. Mama mwenye nyumba aliposikia hayo akasema, “Kumbe alipokelewa na mikono ya kwetu,” akaketi, akala nasi.

Juma lile lile zamu ya somo ilikuwa tarehe kwa Kiingereza. Kila mwanafunzi alitakiwa kusema siku aliyozaliwa. Wengine walijibu upesi. Wengine walitaja tarehe 1 Januari, ambayo ni tarehe ya kila asiye na tarehe. Wengine walisema kama walivyoambiwa nyumbani: mwaka wa uchaguzi wa 2006, au mwaka wa uchaguzi wa 2011. Msichana mmoja alinyamaza kabisa.

Baadaye tukajua sababu. Mahari yake yalikuwa yamepokelewa, na jamaa zake walisema ametimiza miaka 18. Yeye alisema ana miaka 15. Lakini hakuwa na karatasi, na neno la mtoto mbele ya wakubwa halina uzito. Bibi yake ndiye aliyekumbuka kwamba alibatizwa angali mchanga, kabla ya Pasaka. Tukaenda parokiani pamoja na bibi huyo na mkuu wa shule. Padre akafungua kitabu cha ubatizo, akapekua kurasa mpaka akaona jina. Siku ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa kwa wino: msichana alikuwa na miaka 15 na miezi minne.

Mjomba wake, mtu wa haki, alikaa na wazee siku mbili. Mahari yalirudishwa kidogo kidogo, nayo hayajaisha kurudishwa. Wako jamaa ambao hawatuamkii tena njiani. Sisi twawaamkia. Msichana yumo darasani, na mwaka huu anajitayarisha kwa mtihani. Mstari mmoja wa wino ulimpa shahidi asiyeweza kunyamazishwa.

Kwa hiyo, wazazi mnaosoma gazeti hili, tunawaomba jambo moja. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto yasema kila mtoto aandikishwe kwa serikali katika siku 90 tangu kuzaliwa. Sheria hiyo hiyo yakataza kumwoza mtoto asiyetimiza miaka 18. Siku 90 zikipita, sharti kwenda mahakamani kutafuta hukumu, na huko kuna safari ndefu na fedha za kutoa. Kadi ya ubatizo haichukui nafasi ya cheti cha serikali. Lakini mahali ambapo cheti hakipo, kitabu cha parokia kimewaokoa wengi. Mwandikisheni mtoto pande zote mbili. Wala msiseme kwamba yeye ni msichana, au kwamba ni mtoto wa saba, na siku yake mtaikumbuka. Ninyi mtakufa, na vita vyaweza kuwatawanya, kama vilivyowatawanya watu wa Maniema mara nyingi.

Nanyi walimu wenzetu mlio mbali na kwenu, siku yenu ikifika msione aibu kula wali na jirani. Mungu aliwaumba, na kumshukuru ni wajibu. Ila kabla ya kuketi mezani, mpigieni simu mama. Mwulizeni usiku ule ulikuwaje, nani alikimbia kuita mkunga, na mkunga huyo aliitwa nani, kisha yaandikeni. Na ikiwa mama amekwisha fariki, mwombeeni katika Misa siku hiyo, kwa maana ni siku yake kabla ya kuwa yenu.