Bei ya Uniti Moja

Hapa Uganda lipo neno la Kiswahili ambalo hata wasiojua Kiswahili walilitamka kila siku kwa miaka 20, nalo ni jina la kampuni. Umeme ilianza kusambaza nguvu za umeme nchini mwaka 2005, na mkataba wake ukamalizika mwezi Machi 2025, kazi ikarejea kwa shirika la serikali, UEDCL. Watu wa Kampala wakitaka kutaja umeme wenyewe husema masannyalaze. Walipotamka “Umeme” walimaanisha wale waletao ankara. Niliwahi kusema darasani kwamba umeme umekatika, mwanafunzi akaniuliza kampuni imekatikaje.

Nataka nikurudishe Januari 2012. Mwezi huo serikali iliondoa ruzuku, na mamlaka inayodhibiti umeme, ERA, ikaidhinisha bei mpya. Uniti moja ya mtumiaji wa nyumbani ilitoka takriban shilingi 385 hadi 524. Viwanda vikubwa vilipandishiwa zaidi kwa uwiano, ingawa bei yao ilibaki chini ya yetu. Nilikuwa nikisomea stashahada ya ualimu, nikiishi chumba kimoja, na hasira yangu haikuwa na mipaka.

Hasira hiyo ilipungua siku nilipokwenda kumwona bibi kijijini. Yeye aliwasha kibatari. Wakati ule ni sehemu ndogo tu ya wananchi waliokuwa wameunganishwa na gridi, na bibi hakuwamo. Hata hivyo alilipa kodi kila aliponunua sabuni, na katika kodi hiyo ndimo ilimotoka ruzuku iliyopunguza ankara za watu wa mjini, mimi nikiwa mmoja wao. Serikali iliposema fedha hizo zina kazi nyingine, sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa bibi usoni.

Lakini usidhani basi kwamba upande wa pili ulikuwa safi. Mkataba wa kampuni uliihakikishia faida ya asilimia 20 kwa mtaji iliouweka, kiwango ambacho wabunge walikilalamikia kwa miaka mingi. Tena mwaka ule ule lilizinduliwa bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, ambalo wawekezaji wake walilipwa kwa dola, umeme wao utumike usitumike. Shilingi ikidhoofu, mwenye kinu cha kusaga mahindi huko Soroti anaongezewa gharama na jambo ambalo hakulisababisha wala hawezi kulizuia. Pia kuna umeme unaopotea njiani. Kampuni ilipoanza, karibu asilimia 38 ya umeme haikulipiwa, mwingine kwa sababu ya nyaya chakavu, mwingine kwa wizi. Na sehemu ya hasara hiyo, kwa idhini ya mdhibiti, huingizwa katika bei ya anayelipa. Jirani anayejiunganishia waya usiku, basi, ananiibia mimi pia.

Mwishoni mwa mwaka 2012 hisa za kampuni ziliuzwa katika soko la Kampala, kisha Nairobi. Mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, NSSF, ulinunua, na hatimaye ukawa mwanahisa mkubwa kuliko wote. Nilipoanza kufundisha katika shule ya binafsi, makato ya mshahara wangu yaliingia huko. Magazeti huandika “wadau” kana kwamba kila mdau ana kiti chake. Mimi nilikuwa na viti viwili: jioni nilinung'unikia ankara, na mwisho wa mwaka nilifurahia gawio lililokuza akiba yangu.

Turudi kwenye chumba changu. Tulikuwa vyumba sita, mita moja. Bei nafuu ya uniti 15 za kwanza, iliyowekwa kwa ajili ya maskini, huhesabiwa kwa mita, wala si kwa mlango. Kwa hiyo sisi sita, ambao kila mmoja peke yake angestahili nafuu hiyo, tulizimaliza uniti zile siku za mwanzo za mwezi na zilizobaki tukazilipa kwa bei ya wenye nyumba kubwa. Mwenye nyumba aligawa ankara mara sita, sawasawa. Mimi nilikuwa na balbu moja na simu. Mama wa chumba cha nne alikuwa na friji ya kuuzia maji ya matunda.

Ankara ya kwanza ya bei mpya ilipofika tulikutana chini ya mwembe. Nilidai mwenye friji alipe nusu. Akajibu kwamba friji ndiyo inayosomesha watoto watatu, tena kwamba pasi yangu ya kila asubuhi si mshumaa. Fundi cherehani wa chumba cha pili alitaka kila mlango uwe na mita yake ndogo. Mwenye nyumba akasema tuzinunue wenyewe. Tulibishana hadi giza likaingia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwasha taa.

Mwishowe mama yule alikubali kulipa sehemu mbili badala ya moja. Kesho yake glasi ya maji ya matunda ilipanda kutoka shilingi 300 hadi 400. Nilinunua kama kawaida.