Kibao cha rafiki kingali kipo

GOMA – Mtaani Ndosho, msichana wa miaka kumi na tatu anatunza vibao viwili vya mbao chini ya kitanda. Kimoja ni chake. Kingine ni cha rafiki yake wa kambi ya Bulengo. Huko walikuwa wanacheza kila jioni, wawili kwa wawili, kamba imefungwa kwenye miti miwili juu ya mawe meusi ya volkano.

Kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, familia ya rafiki ilishika njia ya Masisi. Yeye na mama yake walibaki mjini, kwa mjomba. Namba ya simu haikubaki.

Tangu hapo alikataa kucheza. «Mama, nitacheza na nani?»

Mama alinyamaza. Mjomba, mtu wa kusikiliza michezo kwenye redio, ndiye aliyejibu.

Alimsimulia mwezi wa saba 2022, Wimbledon, Uingereza: fainali ya tenisi ya wasichana, wawili kwa wawili. Upande mmoja Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande mwingine Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mama ya Okutoyi alifariki baada ya kumzaa yeye na pacha wake. Nyanya yao, mfanyakazi wa usafi shuleni Nairobi, akawalea. Wazazi wa Mboko ni watu wa Congo, walioondoka kwa sababu ya machafuko ya siasa.

Wanapocheza wawili, uwanja unaongezwa upana, kutoka mita 8.23 hadi 10.97. Mtu mmoja hawezi kuufunika. Mpira ukipita katikati, lazima mmoja aseme «wangu», na mwenzake amwamini.

Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4. Ikabaki ile fupi ya kuamua: pointi 10, tena kwa tofauti ya mbili. Iliisha 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kutwaa taji la mashindano makubwa kama hayo.

«Na yule wa kwetu?» msichana aliuliza.

«Alilala na uchungu wa pointi mbili,» mjomba alisema. «Lakini mwezi wa nane 2025, kule Montreal, akiwa na miaka 18, alimshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1, akabeba kombe.»

Msichana hakusema kitu. Kesho yake jioni alivuta vibao. Chake alimpa binti wa jirani, mgeni katika mtaa, aliyekuwa anawatazama watoto wengine tu. Yeye akashika kile cha rafiki yake.

Mama yake ana neno moja kwa familia ile ya Masisi, kama inasikia: kibao cha binti yenu kingali kipo, na kinatumika.