Majilio, shule ikiwa imefungwa

Mpwa wangu mpendwa,

Unaniuliza Majilio utayaishije kama mwalimu, ilhali shule imefungwa na watoto wametawanyika. Mimi naona kazi yako hapo Kisumu Ndogo, Malindi, ndiyo kwanza inaanza. Desemba ni msimu wa watalii. Wavulana wanashinda ufuoni wakiuza shanga, wasichana wanakesha kwenye disko matanga, ngoma za usiku za msibani, na Januari ukiita majina, wengine hawaitiki.

Tarehe 3 Desemba tunamkumbuka Mtakatifu Francis Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Kule Goa alizunguka mitaani akipiga kengele, akiwakusanya watoto awafundishe. Hakukaa kanisani kungoja waletwe. Kwa hiyo sikusihi uongeze novena. Nakusihi upige hodi majumbani kwa wanafunzi wako. Wengi ni Waislamu, basi nenda kama mwalimu wao, mahubiri uyaache nyumbani.

Anza na yule msichana wa gredi ya 8 aliyeacha kuja mimba ilipoonekana. Unasema unasita, watu wasije wakadhani unabariki dhambi. Mwanangu, Dominika ya nne ya Majilio tunasomewa habari za mimba ya Mariamu, na tunajua maneno ya watu yangeweza kumfanya nini. Tukishasikiliza hayo, tutampitaje huyu kichochoroni bila salamu? Keti naye mkekani. Muulize amekula nini, kliniki ameanza kwenda? Mwambie, mama yake akisikia, kwamba tangu 1994 sera ya serikali inamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua, kisha mpange ni nani atakayemlea mtoto. Na kama aliyempa mimba ni mtu mzima, usikubali wazee walimalize jambo hilo kwa mbuzi na fedha. Fuatana na mama yake mpaka kwa afisa wa watoto. Utachukiwa na baadhi ya watu wa mtaa, pengine hata wa jumuiya yako. Vumilia.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 katika msitu ule ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka wafe, mingi ikiwa ya watoto. Kabla ya kunyimwa chakula, wengi wao walikuwa wameshaondolewa shuleni, na jina lililotumika ni la Kristo, Bwana wetu. Sijapata kuumia kwa ajili ya imani yangu kama nilivyoumia mwaka ule. Tangu hapo naamini kwamba sisi Wakristo wa Malindi tuna deni kwa kila mtoto ambaye kiti chake kimebaki kitupu, na mwalimu ndiye wa kwanza kukiona.

Ijumaa nitakutumia kitu kwa M-Pesa. Nusu ni ya mahitaji ya kliniki, nusu iweke kwa ajili ya sare ya msichana huyo atakaporudi. Mama yake akiuliza fedha zimetoka wapi, mwambie ni za kanisa.

Mjomba wako