Kabla ya Kuing'oa Giaboksi

Bonasi ya chai ikiingia mwezi wa Oktoba sihitaji kuambiwa na mtu. Barabara ya Kericho kwenda Sotik hujaa Probox ambazo wiki iliyopita hazikuwepo. Mkulima aliyepeleka majani kituoni mwaka mzima hupokea malipo yake ya pili, huketi na mama watoto wakahesabu karo, mbolea na mabati, na kikisalia kitu hutafuta gari. Ikifika Januari magari hayo huanza kunijia hapa Litein, moja leo, mawili kesho, na maneno ni yale yale: "Fundi, wameniambia giaboksi imekufa."

Mimi huuliza: nani alikwambia, na aliangalia nini? Mara nyingi hakuangalia kitu. Alisikia injini ikivuma gari lisiende, akataja bei.

Kazi hii niliianzia Nakuru kama spanaboi. Miaka miwili niliosha nati kwa mafuta taa na kushika tochi. Mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kugusa giaboksi hadi nilipoweza kumwambia, nikiwa nimefumba macho, gari limo gia gani kwa mlio tu. Niliona ananichelewesha. Baadaye nilifanya mtihani wa gredi ya ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nikapata cheti, nikarudi nyumbani nikajenga banda langu na cheti nikakitundika ukutani. Somo lililoninyoosha lilikuja baada ya hapo, na aliyelilipia kwanza ni mtu mwingine.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Mogogosiek. Probox yake ya otomatiki ilikuwa imeanza ghafla kuondoka kwa uzito, kana kwamba imefungiwa gogo nyuma, na ikishaondoka haibadilishi gia. Kwenye dashibodi taa ya O/D OFF ilikuwa ikiwaka na kuzima. Nikaliendesha gari mwendo mfupi tu, nikarudi nikamwambia, "Mwalimu, hii giaboksi imekwisha." Oili sikupima. Kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari sikusoma, skana sikuwa nayo, na sikuona haja ya kuazima. Nilikuwa na haraka, na tusidanganyane, kung'oa giaboksi kunalipa kuliko kukaa chini ya gari ukitazama waya.

Alikopa kwenye sacco. Tukaenda pamoja Nakuru, akanunua giaboksi ya mtumba kutoka Japani kwa shilingi 38,000. Niliifunga kwa siku mbili, usiku wa pili nikimulikiwa na simu. Asubuhi tukawasha. Gari likaondoka kwa uzito ule ule, na ile taa ikaendelea kuwaka na kuzima kama inayonikonyeza.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa fundi, ni mbili zimekufa?"

Ndipo nikaenda Kericho mjini kuazima skana. Kodi ilitaja solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zilizo ndani ya giaboksi, ambazo hufungua na kufunga njia za oili ili gia ibadilike. Kompyuta ya gari ikikosa mawasiliano na mojawapo ya hizo, haibahatishi: huiacha giaboksi kwenye gia moja ya juu ili dereva ajikokote hadi nyumbani bila kuivunja. Nikafuata waya kwa kidole kutoka kwenye giaboksi kwenda juu. Karibu na soketi, pale matope ya barabara zetu yanaporukia, ganda la waya lilikuwa limepasuka, na shaba iliyokuwa ndani imegeuka kijani na kuwa unga. Nikakata palipooza, nikaunga kipande kipya, nikachomea, nikazungusha tepu. Haikufika shilingi 300.

Muuza giaboksi alikataa kuirudisha, na sikumlaumu, kwa maana aliuza kitu kizima. Nikamwambia mwalimu kwamba ile ya zamani itabaki kwangu, na zile 38,000 nitamlipa kidogo kidogo. Nina robo ekari ya chai niliyopewa na baba. Bonasi ya mwaka ule ilienda kwake yote, na ya mwaka uliofuata pia.

Tangu hapo, gari likija, mimi huanzia nje kwenda ndani.

Oili kwanza. Probox za zamani, zenye giaboksi ya gia nne, zina kijiti cha kupimia. Gari liwe limetembea likapata moto, na lisimame mahali tambarare. Hapa kwetu kupata tambarare ni kazi peke yake. Mimi ilibidi nichimbe kando ya banda nikasawazisha na kumwaga kokoto. Injini ikiwa inanguruma, peleka mkono wa gia polepole kutoka P hadi L na kuurudisha, kisha chomoa kijiti, ufute, ukirudishe, uchomoe tena. Ukipima gari likiwa baridi, au umeizima injini, unajidanganya. Honda nyingi zenyewe hupimwa injini ikiwa ndiyo kwanza imezimwa, na nimewahi kuona giaboksi ya Fit iliyojazwa kupita kiasi kwa sababu fundi hakujua hilo.

Kuhusu rangi, watu wa nchi ya chai sihitaji kuwafundisha sana. Oili mpya mara nyingi ni nyekundu. Ikizeeka huwa turungi. Kama ni turungi nyepesi, badilisha uendelee na safari zako. Kama ni turungi iliyochemshwa asubuhi ikasahauliwa jikoni hadi jioni, na inanuka kuungua, basi visahani vya msuguano vilivyo ndani vimeanza kuliwa, na oili mpya haitavirudishia nyama. Na kama ni chai ya maziwa, zima gari hapo hapo ulipo. Maji ya rejeta yameingia. Oili ya giaboksi katika magari mengi hupozwa kwa mrija unaopita ndani ya rejeta, na mrija huo ukioza, maji na oili hukutana. Mama mmoja anayepeleka maziwa Kapkatet aliniletea gari siku ile ile alipoona povu. Tulibadilisha rejeta, tukamwaga oili na kujaza upya mara tatu, giaboksi ikapona. Dereva mwingine alikuja na hali hiyo hiyo baada ya kubeba abiria wiki mbili. Huyo sikuwa na la kumwambia ila pole.

Nasema mara tatu kwa sababu ukifungua kizibo cha chini zitatoka kama lita tatu, na zaidi ya hizo zitabaki ndani ya konvata, lile duara lililo kati ya injini na giaboksi, na kwenye mapito. Wako wanaotumia mashine kusukuma oili yote nje kwa mara moja. Kwa giaboksi ambayo haijaguswa miaka kumi mimi sizipendi. Uchafu uliokuwa umetulia kwenye kona yake unapelekwa mahali pembamba. Afadhali umwage, utembee siku chache, umwage tena. Ukishusha karai la chini, angalia sumaku. Tope laini la kijivu kama majivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vyenye ncha, hivyo ni habari mbaya.

Halafu aina ya oili. Hapa ndipo pesa nyingi za bonasi zinapozama. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hivyo linaloshuka Mombasa leo linaweza kuwa na miaka saba, na oili ya giaboksi huenda ni ile iliyotoka nayo kiwandani Japani. Muuzaji huosha injini ikang'aa. Giaboksi haionekani, basi haiulizwi. Zaidi ya hayo, Probox nyingi zilizotoka tangu 2014 otomatiki yao ni CVT. Hiyo haina gia za kupanda kama ngazi. Ina puli mbili na mkanda wa chuma, na mkanda huo huweza kushika kwa msaada wa oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi aliyezoea za zamani anamimina T-IV, oili ya giaboksi zile za gia, kwa mazoea, mkanda unaanza kuteleza, gari linatetemeka kwenye mlima, na miezi michache baadaye utasikia "CVT ni mbaya." Nissan ndizo zilizobeba lawama hii zaidi. Kuna zinazotaka oili ya NS-2 na zinazotaka NS-3, na jina hilo lipo kwenye kitabu cha gari, ila kitabu ni cha Kijapani na hakuna aliyekifungua. Piga picha ukurasa kwa simu, itakutafsiria. Usikubali jibu la "hii inaingia gari zote."

Oili ikiwa sawa, tazama waya na soketi, hasa kama umepita matope au gari limelala karibu na ghala la mahindi. Panya hupenda waya kuliko unavyofikiri. Kisha maunti, zile zinazoishikilia injini na giaboksi. Gari likikupiga teke kila ukiweka D au R, usiamini haraka kwamba ni giaboksi. Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu na kubadilisha kutoka D kwenda R, nawe usimame kando, kamwe usisimame mbele. Injini ikiinuka kama ng'ombe anayetaka kusimama, maunti imekatika. Hiyo ni mpira na bolti.

Gari za manyua nazo zina lugha yake, na kwa bahati nzuri ni nyepesi kusoma. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130, na anayebeba watu kupitia Kapsoit hadi Ahero na kurudi kila siku anaijua tofauti hiyo kwa mguu wa kushoto. Kinachokufa kwanza ni klachi, kwa sababu dereva akisimama mlimani hulishikilia gari kwa klachi badala ya handibreki. Kuipima hakuhitaji kufungua chochote: vuta handibreki, weka gia ya tatu, achilia klachi polepole. Injini ikizima, klachi ina nguvu. Ikiendelea kunguruma, imeisha. Gia zikikataa kuingia injini ikiwa inawaka lakini zinaingia vizuri ikizimwa, usiguse giaboksi. Klachi haiachii, na mara nyingi ni silinda ndogo inayovuja karibu na giaboksi, au hewa kwenye mrija. Mlio unaosikika ukiwa fri na kunyamaza ukikanyaga klachi, hizo ni beringi za ndani ya giaboksi. Mlio unaokuja pale unapokanyaga, hiyo ni rilisi beringi ya klachi. Gia moja tu ikisaga na nyingine zikiingia kama siagi, ni pete ya shaba ya gia hiyo moja, na unaweza kuishi nayo mwaka mzima ukiingiza gia kwa subira huku ukiweka akiba.

Kuna kosa moja linaloniuma kwa sababu hutokana na ukarimu. Gari la otomatiki linakwama, jirani mwema analifunga kamba na kulivuta. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya mbele yanazunguka, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Nilipokea moja lililovutwa hivyo kutoka Kaplong. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa pampu ya petroli tu. Lilipofika kwangu lilikuwa na magonjwa mawili, na wa pili ulikuwa ghali mara kumi. Gari la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele liinuliwe mbele, au lipakiwe.

Na kuna zilizokufa kweli. Sitaki mtu asome haya akadhani kila giaboksi inaponywa na tepu. Oili iliyoungua, karai limejaa vyuma, gari halirudi nyuma hata likiwa moto: hapo tunanunua nyingine. Kufungua otomatiki na kubadilisha visahani vyote kunawezekana, lakini kwa gari dogo gharama yake mara nyingi huikaribia ya giaboksi nzima ya mtumba, na hapa kwetu wenye vifaa vya kazi hiyo ni wachache. Kabla ya kwenda Nakuru au Grogan kule Nairobi, soma bamba la kiwandani la gari, mstari wa TRANS/AXLE, uandike herufi zote. Giaboksi mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zisiingiliane. Ichukue pamoja na konvata yake. Chovya kidole kwenye oili iliyobakia ndani uinuse kabla hujatoa pesa, na waranti iandikwe kwenye risiti, hata kama ni ya siku saba.

Siku hizi mimi hutoza shilingi 500 kupima, iwe nimepata ugonjwa au sikupata. Wenzangu walinicheka mwanzoni. Wao hupima bure na kung'oa kwa pesa. Lakini fundi anayelipwa kwa kung'oa tu, mwishowe ataona kila gari linahitaji kung'olewa. Hivyo ndivyo nilivyoliona gari la mwalimu.

Giaboksi yake ya zamani ilikaa chini ya meza yangu ya kazi miaka mitatu, imefunikwa gunia. Kisha akaja mtu wa Roret ambaye yake ilikuwa imekufa kweli, na hana pesa za kwenda Nakuru. Nikamfungia hiyo, nikamweleza ilikotoka. Inabeba abiria hadi leo.