Kabla hamjashuka Kasanga na watoto

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita sasa. Kila shule inapokaribia kufungwa ananiuliza swali lilelile: "Mama mdogo, lini tunarudi ziwani?"

Mimi hucheka. Dada yangu hacheki. Yeye anakumbuka usiku mmoja wa Juni, miaka miwili iliyopita, mtoto huyohuyo alipopata degedege mikononi mwake hapa Sumbawanga.

Tulikuwa tumetoka Kasanga kwenye harusi ya ndugu. Tulikaa siku nne, tukala migebuka, tukarudi na furaha zetu. Siku ya 12 mtoto akachemka. Juni ya hapa kwetu mnaijua, hata mchana watu wanavaa makoti. Tukasema ni baridi. Tukampa Panado, homa ikashuka, ikapanda tena. Tulipompeleka kupata huduma tulieleza kikohozi na mafua, hatukusema kwamba tumetoka ziwani, na hakuna aliyetuuliza. Usiku wa tatu ndipo alipopimwa malaria, na ilikuwa kali. Alichomwa sindano, akapona, tukamshukuru Mungu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu malaria mara nyingi, lakini ilipoingia nyumbani kwetu sikuitambua.

Mwaka huu tumekubaliana kushuka tena. Dada alinipa sharti moja: "Mdogo wangu, safari hii tupange kama watu wazima." Mpango wenyewe ni huu, na nauleta kwenu wazazi kwa sababu likizo zinakuja na Kasanga haistahili kuogopwa.

Kwa nini Kasanga

Rafiki niliyesoma naye chuo anaishi Norway. Alinitumia picha za Bergen, mji wa kale wa bandari wenye nyumba za mbao za wafanyabiashara, na picha za fiodi zilizo karibu nao. Fiodi ni mabonde marefu yenye kuta za milima, yaliyochongwa na barafu kisha yakajaa maji ya bahari. Fiodi yao ndefu kuliko zote, Sognefjord, ina kina cha takriban mita 1,300.

Nikamjibu kwa picha ya Ziwa Tanganyika. La kwetu halikuchongwa na barafu. Ardhi ilipasuka na kuachana, ndilo Bonde la Ufa, na maji yakajaa humo hadi kina cha takriban mita 1,470. Milima inashuka hadi majini vilevile, na bandari ya kale tunayo.

Kasanga ndiyo Wajerumani waliyoiita Bismarckburg, kwa jina la Otto von Bismarck, kansela wao. Walijenga boma hapo ili kulinda kona ya kusini-magharibi ya koloni lao. Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza yaliliteka.

Kasanga pia ni kituo katika njia ya zamani ya MV Liemba, ya kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa hili. Mweleze mtoto hadithi hiyo akiwa amesimama ufukweni, hataisahau. Ila msipange kusafiri kwa meli kabla ya kuuliza bandarini kama ipo kazini. Na kabla ya kulisogelea boma au kupiga picha, ombeni ruhusa kwa uongozi wa kijiji.

Njia na maporomoko

Kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga kupitia Matai ni takriban kilomita 112, barabara ya lami. Mnapita mashamba ya mahindi, maharage na ulezi ya Wafipa, kisha mnaingia kwa Walungu, na mwishoni barabara inainama kuelekea ziwani. Kwenye kona hizo watoto hutapika. Wapeni chakula chepesi asubuhi, wakae mbele, na mfuko wa plastiki uwe karibu.

Tengeni siku nyingine kwa maporomoko ya Mto Kalambo, upande wa kijiji cha Kapozwa, kwenye mpaka wetu na Zambia. Maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, takriban mara mbili ya maporomoko ya Victoria. Kisha mto unapita katika korongo refu hadi ziwani. Mei na Juni maji bado ni mengi na njia zimekauka. Kukaribia Oktoba maji huwa yamepungua.

Mwambieni mtoto pia kwamba karibu na hapo, upande wa Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa yakaunganishwa na watu wa kale. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yanasema yana umri wa angalau miaka 476,000. Magogo hayo yalichongwa kabla binadamu wa aina yetu hajatokea.

Ukingo wa maporomoko si mahali pa kumwachia mtoto mkono. Ngazi za kushuka korongoni ni ndefu na kupanda kunachosha. Anayebebwa mgongoni abaki juu na mtu mzima mmoja.

Mita 1,000 za kushuka

Sumbawanga ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lipo takriban mita 770. Kwa hiyo ndani ya saa chache mnashuka mita 1,000 na zaidi, kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto.

Mbu wa malaria hustawi kwenye joto, na vimelea hukomaa upesi ndani yake. Penye baridi hukomaa polepole sana au hushindwa kabisa. Ndiyo maana huku juu malaria ni chache. Lakini ndiyo maana pia mtoto wa huku juu anashuka akiwa hana hata kinga ndogo ambayo mtu hujenga kwa kuugua mara kwa mara. Msilinganishe mtoto wenu na watoto mtakaowakuta kule wakicheza jioni kifua wazi. Nao pia wanaugua, ila wenu yuko hatarini zaidi.

Mzigo wetu wa mwaka huu una vitu hivi:

Chandarua chenye dawa, kimoja kwa kila kitanda, tunachobeba wenyewe. Kufika kwa ndugu na chandarua si dharau.

Nguo za mikono mirefu kwa ajili ya jioni, na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu inayofaa umri wa mtoto.

Dawa ya kutibu maji, au sufuria ya kuchemshia. Maji ya ziwa ni meupe, lakini weupe huo hauzuii kipindupindu.

ORS na zinki kwa ajili ya kuhara, na kadi ya kliniki ya mtoto.

Mjamzito, na mtoto mwenye selimundu, waonane na daktari kabla ya safari, si baada.

Kuhusu kuogelea, waulizeni wenyeji mahali pasipo na mamba. Epukeni maji ya kina kifupi yenye majani, maana ndimo wanamokaa konokono wa kichocho. Na mtumbwi au boti bila jaketi okozi la saizi ya mtoto, msipande, hata kama nahodha ni mjomba. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa ghafla.

Mkisharudi nyumbani

Hapa ndipo sisi tulipokosea. Mtu akishafika nyumbani, akavaa koti lake na kunywa chai, anaona safari imekwisha. Lakini dalili za malaria kwa kawaida hutokea siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Homa inakuja wakati hata harufu ya samaki imeshatoka kwenye mabegi.

Kwa hiyo dada yangu amekwishachukua kalenda ya ukutani. Tarehe ya kurudi ataizungushia wino mwekundu, kisha atahesabu mwezi mmoja mbele. Ndani ya mwezi huo, homa yoyote, kwa mtoto au kwa mtu mzima, inapimwa malaria siku hiyohiyo. Panado hushusha homa, haiui vimelea. Na sentensi ya kwanza mbele ya mhudumu wa afya iwe: "Tumetoka ziwani." Msisubiri kuulizwa. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache, na mtoto mdogo anatakiwa aanze dawa mseto ndani ya saa 24 tangu homa ianze.

Jana mtoto alimkuta mama yake anakunja chandarua kukiweka kwenye begi. Hakuniuliza tena lini tunarudi ziwani. Alikimbia kwenda kutafuta kaptula yake ya kuogelea.