Barua kutoka Marekani: "Yule Mweusi" ni Yupi?

Barua hii inawafikia wasomaji wa nyumbani kutoka jimbo la New York ikiwa na swali ambalo mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia Marekani hukutana nalo mapema, hata kama hajaliuliza mwenyewe: rangi ya mtu humtambulisha kwa kiasi gani, na ni wakati gani inapoacha kumtambulisha na kuanza kumficha? Kumtambulisha mtu, kwa maana iliyokusudiwa hapa, ni kutaja sifa zitakazomwezesha msikilizaji kumtofautisha mtu huyo na wengine waliopo, na sifa ya namna hiyo itaitwa kitambulishi. Kitambulishi hakina thamani ya kudumu, kwa kuwa thamani yake hutegemea idadi ya watu walio na sifa hiyo mahali pale. Neno "Mzungu" likitajwa ndani ya daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo, abiria wote hujua anayesemwa ni nani, ilhali neno hilohilo katika basi la kijijini Minnesota halimwonyeshi mtu yeyote.

Kabla ya kuyatazama ya ugenini, inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hakina neno moja lililokubalika na wote kwa dhana ambayo Wamarekani huwahesabu watu kwayo. Neno "rangi" ndilo linalobeba mzigo huo katika usemi wa "ubaguzi wa rangi". Neno "mbari", ambalo baadhi ya wataalamu wamelipendekeza, kwa asili linahusu ukoo. Na neno "kabila" lina kazi yake nyingine. Katika mwambao wa Afrika Mashariki watu walizoea zaidi kutajana kwa mahali walikotoka, ndiyo maana Mshihiri aliitwa hivyo kwa sababu ya Shihr, mji wa bandari wa Hadhramaut, na Mgoa kwa sababu ya Goa, na Mngazija kwa sababu ya kisiwa chake. Maneno ya rangi yenyewe yalibaki kueleza ngozi tu, kwa hiyo mama mmoja anaweza kuwa na watoto watatu wa tumbo moja, mmoja akaitwa mweupe, wa pili akawa maji ya kunde, na wa tatu mweusi ti, pasipo mtu kudhani kwamba ukoo umegawanyika. Mtu aliyekulia Moshi au Bukoba akiitwa "mweupe" maisha yake yote hugundua, mara tu anapojaza fomu yake ya kwanza Marekani, kwamba weupe wake haukuvuka bahari pamoja naye, kwa sababu huku neno hilo halielezi ngozi bali linataja fungu ambalo mtu amepangiwa.

Fungu hilo lina historia ndefu ya kiserikali. Sensa ya kwanza ya Marekani, iliyofanyika mwaka 1790, iliwatenganisha Wazungu huru, watu wengine huru na watumwa, na kwa hiyo tangu mwanzo rangi iliandikwa pamoja na hadhi ya mtu mbele ya sheria. Kufikia sensa ya 1890 makarani walielekezwa hata kupima sehemu za damu, yaani kumtenga aliyehesabiwa kuwa na robo ya asili ya Kiafrika na aliyehesabiwa kuwa na thumuni, na mwaka 1924 jimbo la Virginia likatunga sheria iliyoufanya uhusiano wowote wa damu na Afrika kuwa sababu ya kumtoa mtu katika kundi la Wazungu. Kwa muda mrefu karani ndiye aliyeamua kwa kumtazama mtu usoni, na ni kuanzia sensa ya 1960 tu ndipo wananchi walipoanza kujiandikia wenyewe. Ruhusa ya kuchagua zaidi ya fungu moja ilikuja mwaka 2000. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya na mama yake Mzungu wa Kansas, alijaza fomu ya mwaka 2010 akiwa rais na kuchagua fungu la watu weusi peke yake, ingawa lugha ya mitaani Mombasa au Kisumu ingemwita chotara bila kusita. Hakuna upande uliokosea kusoma ngozi yake, kwa maana kila upande ulikuwa ukijibu swali tofauti.

Mji mdogo wa Oneonta, uliomo katika jimbo hilihili la New York, unaonyesha kinachoweza kutokea pale jina la fungu linapotumika kana kwamba ni sura ya mtu. Mnamo Septemba 1992 mwanamke mwenye umri wa miaka 77 alishambuliwa usiku katika nyumba aliyokuwa amefikia, na kwa kuwa hakuuona uso wa mshambuliaji, aliwaeleza polisi mambo machache aliyoyapata gizani: kwamba mkono aliouona ulikuwa wa mtu mweusi, kwamba wepesi wa hatua zake ulimfanya aonekane kijana, na kwamba mshambuliaji huyo alijikata mkononi kwa kisu chake mwenyewe. Polisi waliomba msaada wa chuo kikuu cha mji huo, na chuo kikawapa orodha ya wanafunzi wote wa kiume waliokuwa weusi. Orodha ilipowaishia bila mafanikio, polisi waliingia mitaani wakiwasimamisha watu wasio Wazungu na kuwakagua mikono, hata waliohojiwa wakazidi 200, katika mji ambao weusi waliokuwa wakazi wake wa kudumu hawakufika 300. Mshambuliaji hakupatikana. Walipokwenda mahakamani waliokaguliwa, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 1999 kwamba polisi hawakukiuka haki ya usawa mbele ya sheria, kwa hoja kwamba walifuata maelezo ya aliyeshambuliwa, na maelezo hayo hayakuwa ya rangi pekee.

Hoja ya mahakama inastahili kupimwa kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake mna tofauti inayohusu maisha ya kila siku. Ni kweli kwamba maelezo yalikuwa na sifa kadhaa, na kwamba kuitaja rangi ya mkono ule hakukuwa kosa la mwanamke aliyejeruhiwa; lakini kati ya sifa hizo ni moja tu iliyoweza kumtofautisha mhusika na kijana mwingine yeyote mweusi, nayo ilikuwa jeraha, ambalo kwa utaratibu uliofuatwa liligeuka kuwa jambo la kukaguliwa baada ya mtu kuwa ameshashukiwa kwa sababu ya rangi. Kitambulishi kipana kilitangulia na kuwakusanya watu, kisha kitambulishi chembamba kikatumika kuwaachilia mmoja mmoja. Baya zaidi ni kwamba watu wengi hukosea kuzitofautisha nyuso za watu wasio wa rangi yao, jambo ambalo wanasaikolojia Roy Malpass na Jerome Kravitz walilionyesha kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 1969. Kwa hiyo msikilizaji akishapewa rangi, mara nyingi huyaacha macho yake yapumzike hapo hapo. Ndiyo sababu mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press unawataka waandishi waitaje rangi pale tu inapohusika na habari yenyewe, na habari za msako nazo ziwe na maelezo kamili zaidi ya rangi.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya kunyamaza. Ufaransa hairuhusu sensa yake kuwapanga raia kwa rangi, na mnamo Novemba 2007 Baraza la Katiba la nchi hiyo liliamua kwamba hata tafiti haziwezi kuegemea asili ya kikabila au rangi ya mtu. Tanzania nayo haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967. Hata hivyo ukimya wa makaratasi haufiki sokoni, na hapo ndipo barua hii inapolazimika kugeuza uso na kuwatazama wanaoisoma. Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, "kwa Mhindi" ni jina la duka kabla ya kuwa habari ya mwenye duka, na mtu ambaye babu yake alizaliwa Tanga huendelea kuitwa Mhindi na jirani ambaye amekuwa akimsalimu kwa miaka 30 na hajui jina lake. Serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia ya Kusini kuwa kabila la 44 la nchi hiyo mnamo Julai 2017, hatua iliyopokewa na wengi kwa furaha, ingawa jina walilokuwa wakiitwa mitaani halikubadilika. Huko Oman, familia zilizorejea kutoka Zanzibar, ambako ziliitwa Waarabu, zimeitwa Wazinjibari na wenyeji waliozipokea, kana kwamba kila pwani imejiwekea haki ya kumtaja mtu kwa pwani ya pili.

Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kujirekebisha. Neno "zeruzeru", lililomtaja mtu kwa ngozi yake, limepisha katika maandishi rasmi na katika vinywa vya wengi usemi wa "mtu mwenye ualbino", ambao unaanza na mtu na kuiacha hali ya ngozi ifuate. Mabadiliko hayo hayakumkataza mtu yeyote kusema alichokiona. Yaliupanga upya mfuatano wa kusema. Kipimo hichohicho kinaweza kutumika kwa rangi na asili: pale ambapo neno "Mhindi", "Mchina" au "mweusi" linamwonyesha mtu mmoja kati ya waliopo, na hakuna jina wala sifa iliyo karibu zaidi, linafanya kazi halali ya kitambulishi; lakini pale ambapo jina linajulikana, au shati, au kazi, au kovu, kulikimbilia kwanza lile neno pana ni kuacha kumtazama aliye mbele.

Mhamiaji aliyewahi kunyoosha mikono yake ikaguliwe barabarani hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Kazi iliyobaki ni kwamba, arudipo likizo na kutumwa sukari, amuulize mwenye duka jina lake.

Wasalaam.